Sura ya Saba: Sauti Iliyovuka Ukuta

Dada mtu alikuja kituoni na shati lililopigwa pasi. Alilitandaza juu ya kaunta, akalinyoosha kola kwa kidole, akalikunja upya na kulirudisha kwenye mfuko.

"La kesho," alimwambia Sajini. "Siwezi kumwacha kaka yangu atoke mahakamani na lile la damu."

"Mdogo wangu, kesho anapelekwa tu mbele ya hakimu. Sijasema anatoka."

"Na ile sauti? Umeisikia kwa masikio yako, afande. Anasema simama. Mtu anayesema simama anaua vipi?"

Sajini aliusogeza mfuko kando ya kaunta. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kituo kizima kilijua kwamba akikunyamazia, kuna jambo limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Kwenye ghorofa linalojengwa, mzigo wa nondo ulishuka kutoka kwenye winchi ukamkuta fundi ameinama chini yake. Hakuinuka tena. Mama anayeendesha winchi hukaa juu kabisa, kwenye kibanda cha kioo, na upande wa nyuma ya ukuta haoni kitu. Macho yake ni mwelekezi, kijana anayesimama chini na redio ya mkononi, anayemwambia inua, shusha, simama. Siku ile mama wa winchi aliapa kwamba alisikia "shusha". Mwelekezi akaapa kwamba alisema "simama". Watu wawili, neno moja, na wa tatu hakuweza kuulizwa. Redio zao hazihifadhi sauti. Kazini kwao neno la mwelekezi ndilo linalobeba mzigo, kwa hiyo yeye, kaka wa huyu dada, ndiye aliyewekwa ndani.

Kisha akajitokeza fundi wa televisheni wa mtaa ule, mrefu, mwembamba, watu wanamwita Antena. Huyo hobi yake ni kusikiliza redio za watu na kuzirekodi. Alimtumia dada mtu kipande cha sauti kwenye simu: "Simama. Simamaaa." Dada mtu alilia mpaka akakaa chini, kisha akakileta kituoni na kuapa kwamba ni sauti ya kaka yake. Mkuu wa kituo alisikiliza mara moja tu, akasema kesho kijana aachiwe na mama wa winchi aletwe badala yake.

Sajini alimwacha dada mtu kaunta, akaenda mahabusu. Mwelekezi alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani.

"Kijana, ukitoa amri, mama wa winchi anafanya nini?"

"Anairudia, afande. Nikisema inua, anasema nainua. Asiporudia, mimi sitoi nyingine. Ndivyo tulivyofunzwa."

"Siku ile, uliposema simama, alirudia?"

Kijana akafikiri. "Sikusikia. Watu walishaanza kupiga mayowe."

"Asiporudia unafanya nini?"

"Unasema tena."

"Ulisema tena?"

"Nilisema mpaka redio ikanidondoka."

Sajini akatoka, akachukua simu ya dada mtu, akakirudia kile kipande. Simama, simamaaa, kisha kimya. Kilikatwa palepale neno lilipoisha, kama mkia wa mjusi. Hakuna aliyerudia. Huenda mama wa winchi hakurudia, huenda aliyekata alikata na jibu lake.

*

Antena aliishi na kufanya kazi katika chumba kimoja cha orofa ya mwisho. Televisheni zilizopasuliwa tumbo zilipangwa mpaka kwenye kitanda, na nyaya zilitoka dirishani kwenda kwenye paa.

"Karibu, afande. Usikanyage hizo, zinauma."

"Nataka sauti nzima. Siyo kipande."

"Nzima ni kubwa mno. Nilikata ili simu iweze kuituma. Hayo mengine makelele tu."

"Nipe hayo makelele."

Antena alicheka, akavuta kiti, akaifungua kompyuta yake ya kale yenye kibodi iliyong'oka herufi tatu. Akatafuta. Sauti ikaja: "Simama. Simamaaa." Halafu mkwaruzo, kisha sauti nzito ya mwanamume: "Nimesimama, Mjomba."

"Rudisha," Sajini alisema.

Akarudisha. Nimesimama, Mjomba.

"Nani anaendesha winchi ile?"

"Si yule mama?"

"Basi huyu nani?"

Antena alijikuna shingo. "Labda alikuwa na mafua."

"Mafua hayaoteshi ndevu. Na mwelekezi ana miaka ishirini na kitu, dada yake hajazaa. Nani anamwita mjomba?"

Utani ukamwisha Antena. Aliigeuza kompyuta imtazame Sajini, akagonga kioo kwa ukucha. "Afande, mimi naweza kukosea. Mashine haikosei. Tazama hapa. Haya ndiyo masafa ya redio za jengo lile, chaneli yao wenyewe, na sauti imekaa juu yake. Sikuiweka mimi."

Sajini alitazama. Picha ilikuwa kama ardhi inayoonekana kwa mbali: chini mchanga wa makelele, juu yake miiba mirefu, kila mwiba redio moja inayoongea. Katikati ardhi ilikuwa tambarare. Lakini kulia na kushoto, karibu na mwisho wa kioo, iliinama kama bati la baraza. Ile chaneli ya jengo ilikuwa kushoto kabisa, pale kwenye mteremko.

"Pembeni hapa pameinama. Kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo siku zote."

"Sikuuliza kama ndivyo ilivyo. Nimeuliza kwa nini."

Antena akavuta pumzi, akaanza kwa majivuno ya mtu aliyesubiri miaka mingi aulizwe. "Hiki kidude hapa si redio ya kuzungusha kifundo. Ni kipokezi cha kompyuta. Kinachota mawimbi ya hewani vipande vipande, sampuli, halafu programu ndiyo inayovigeuza kuwa sauti. Nimekipangia sampuli milioni mbili na laki nne kwa sekunde. Kasi ya kuchota ndiyo inayokupa upana wa dirisha. Nikichota milioni mbili na laki nne, naona megahezi mbili na nukta nne kwa mpigo. Redio zote zilizomo humo nazishika pamoja, nikitaka nasikiliza leo, nikitaka kesho."

"Na dirisha lote ni zuri?"

Hapo kasi ya maneno yake ikapungua. "La katikati ni zuri."

"Na pembeni?"

"Pembeni kichujio kinalegea. Kazi yake ni kuzuia vya nje visiingie, lakini hakikati kama kisu. Kinateremka polepole. Kati ya hizo mbili na nukta nne, za kuamini ni kama mbili. Hata pungufu."

"Zilizobaki?"

"Zipo. Ila unaziangalia ukijua."

"Ukijua nini, Antena? Usiniteremkie polepole na wewe."

Alitabasamu kidogo, bila raha. "Redio yenye nguvu ikiwa nje tu ya ukuta wa kulia, kichujio kikishindwa kuizuia, hesabu haina mahali pa kuiweka. Dirisha limeisha. Basi inaiingiza kwa ukuta wa kushoto."

"Imetokea uani, inaonekana imeingia kwa mlango wa mbele."

"Na inakaa sebuleni kama mwenye nyumba."

Sajini alivuta kiti cha pili, akatoa televisheni iliyokuwa juu yake, akakaa. "Hilo ulikuwa unalijua?"

"Kila anayefanya mambo haya analijua."

"Ulilijua ulipomtumia yule binti?"

Antena alitazama nyaya. "Sikulifikiria. Nilisikia simama, nikaona ni chaneli yao. Furaha ilinipanda kichwani."

"Kwa nini chaneli yao ikakaa pembeni?"

Antena alisema kwamba kuna kampuni ya teksi ambayo dada anayepanga safari za madereva ana sauti nzuri, na yeye hupenda kumsikia vizuri, kwa hiyo dirisha huliweka ili teksi zikae karibu na katikati. Zamani alikuwa akichota sampuli milioni tatu na laki mbili, na jengo lilikuwa linaingia bila shida. Lakini kompyuta ilizeeka. Kasi ile ikawa inaishinda, inaangusha sampuli njiani, na sauti ya yule dada ikawa na kwikwi. Akaipunguza kasi. Kwikwi zikaisha. Dirisha likawa jembamba, na jengo likasukumwa ukingoni.

"Kwa hiyo mtu yuko ndani kwa sababu ya kwikwi za dada wa teksi," Sajini alisema.

"Usiseme hivyo, afande."

"Nisemeje?"

Antena akaokota waya mmoja sakafuni, akaukunja.

Sajini alisimama akaenda dirishani. Jengo lilionekana lote kutoka pale, limezungushiwa utepe wa polisi tangu siku ya ajali. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Winchi ilisimama mkono wake umeelekea upepo, ndoano imefungwa.

"Jengo limefungwa," alisema. "Redio zao tunazo sisi kituoni, zimo kwenye mfuko wa vielelezo. Hiyo chaneli leo inatakiwa iwe kimya. Washa kidude chako kama kilivyokuwa siku ile. Usibadilishe kitu."

Antena akawasha. Ardhi ikajichora, ikainama pembeni. Kushoto, kwenye mteremko, hapakuwa na kitu. Walikaa. Dada wa teksi alimtuma mtu hospitali, na kweli alikuwa na sauti nzuri. Kisha mwiba ukaota kushoto, juu kabisa ya chaneli ya jengo.

"Shusha. Shusha taratibu. Taratibu, mwanangu, hilo siyo godoro. Simama. Simamaaa."

"Nimesimama, Mjomba."

Antena alirudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. Sajini akageukia dirishani: winchi ya jengo ilikuwa palepale, imekufa. Lakini ng'ambo ya reli, kwenye yadi ya makontena, winchi ya njano ilikuwa na kontena la bluu hewani, na kontena lile lilikuwa ndiyo kwanza limesimama, linayumba kidogo.

"Ongeza kasi," Sajini alisema bila kugeuka. "Weka ile ya zamani."

"Itaangusha sampuli."

"Na ianguke."

Feni ya kompyuta ikanguruma. Dirisha likapanuka. Ule mwiba wa kushoto ukatoweka, na pale kwenye chaneli ya jengo pakabaki mchanga mtupu. Kulia, kule ambako mwanzoni dirisha lilikuwa limeshaisha, mwiba mmoja ukasimama, mnene na mrefu. Antena akaugusa.

"Inu... inua... in... nua," sauti ilisema kwa kwikwi.

Ng'ambo ya reli, kontena la bluu likapanda.

Walisikiliza tena na kutazama tena, mpaka pakawa hapana la kubishania. Sajini akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi.

"Sijadanganya, afande," Antena alisema.

"Sijasema umedanganya. Sasa nisikilize. Siku ile kijana alishika redio yake na alisema neno. Liwe shusha, liwe simama, alilisema kwenye chaneli hii ya kushoto. Liko wapi?"

Antena alirudi kwenye rekodi ya siku ya ajali. Alipunguza, akaongeza, akachuja, akakata, akavaa vipokea sauti masikioni akafumba macho. Jasho lilimtoka. Sajini alimwacha. Mwisho Antena alivivua na kuviweka chini.

"Redio za aina hii, sauti mbili zikikutana mahali pamoja hazichanganyiki. Yenye nguvu inaimeza nyingine. Yadi ina mnara wa kurushia sauti, kijana alikuwa na kidude cha mkononi nyuma ya ukuta wa zege. Na kichujio kilishampunguza na yeye vilevile, maana naye yuko kwenye mteremko."

"Huwezi kuitapisha?"

"Kama ningechota kwa kasi ile kubwa, wangekaa mbalimbali, hata kwa kwikwi tungepata herufi mbili tatu. Nilichota kwa hii. Hata ukimpa fundi wa dunia nzima faili hili, atakuambia hayo hayo. Kitu kilichofichwa kinatafutwa. Hiki hakikuchotwa."

"Kuna mwingine anarekodi hewa ya mtaa huu?"

"Nipo peke yangu. Wengine wana akili zao."

Sajini alitoa bahasha. Antena aliweka ndani diski yenye rekodi, akasaini juu ya gundi, naye Sajini akasaini. Alipofika mlangoni Antena akamwita.

"Afande. Ile fupi si ipo kwenye simu ya binti? Iache hivyo ilivyo. Nani atauliza?"

"Wakili wa mama wa winchi atauliza. Na asipouliza ndiyo vibaya zaidi. Mama wa watu ataingia ndani kwa neno ambalo halikusemwa kwake."

"Na kijana je?"

Sajini akashuka ngazi.

*

Mjomba alikuwa mzee mnene mwenye kofia ngumu ya manjano iliyoandikwa MJOMBA kwa rangi ya kucha. Alimkaribisha Sajini kwenye kivuli cha kontena, akampa kopo la rangi akalie.

"Mama, kama ni lile lori lililogonga geti, mimi sikuwepo, na kama nilikuwepo nilikuwa nimelala."

"Siyo lori. Siku ya ajali kule ng'ambo, ulikuwa kazini?"

Uso wa Mjomba ukabadilika. "Nilikuwepo."

"Mayowe yalipoanza, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimetoka kumsimamisha huyu wangu wa juu. Dereva mmoja mpumbavu aliangusha simu, akainama kuiokota kontena liko juu ya kisogo chake. Nikasema simama. Kabla sijamaliza kumtukana yule dereva, nikasikia watu wa ng'ambo wanalia. Nikajua kwao mzigo haukusimama."

"Ulilisemaje?"

"Mara mbili. La pili unalivuta, ili hata mwenye usingizi alisikie. Simama, simamaaa." Aliliimba, na lilikuwa lilelile, hata mkwaruzo wa mwisho. "Hivyo ndivyo ninavyowafunza wote. Hata yule kijana mliyemshika nilimfunza mimi, hapahapa, kabla hajapata kazi kule."

Sajini aliinua macho. "Wewe ndiye uliyemfunza?"

"Kila neno. Ukifumba macho husemi ni yupi kati yetu. Mke wangu mwenyewe alimpigia simu siku moja akamgombeza akidhani ni mimi, kijana akasema ndiyo mke wangu, sitarudia." Mjomba akacheka, kisha akaacha. "Yule hawezi kusema shusha mtu akiwa chini. Niandike, mama. Nitaweka dole gumba."

"Ulimsikia?"

"Ningemsikiaje? Chaneli yetu mbali na yao."

"Uliona?"

"Kuna ukuta pale."

"Basi nitaandika ulichokisikia wewe mwenyewe. Kwamba ulisema simama, na saa hiyo hiyo mayowe yakaanza."

Mzee hakuwa mjinga. "Hiyo inamsaidia?"

"Hapana."

"Inamwumiza?"

"Inamnyang'anya alichokuwa nacho."

Mjomba alivua kofia, akaifuta kwa kiganja, akaivaa. "Na nikikataa kusaini?"

"Nitaandika kwamba umekataa. Sauti yako ninayo."

Aliweka dole gumba. Redio iliyokuwa kiunoni mwake ikaita, Mjomba upo, Mjomba tunashusha, naye hakuipokea mpaka Sajini alipovuka geti.

*

Mkuu wa kituo aliisikiliza taarifa yote kwenye simu bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kwa hiyo hatuna kitu," alisema.

"Tuna neno la mama wa winchi na neno la kijana, mkuu. Kama siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza kijana alikuwa na neno lake. Leo ana neno lake na rekodi ya uongo ambayo ndugu yake ameapa juu yake. Hakimu atamwonaje?"

"Dada mtu hakujua."

"Najua hakujua. Kesho kijana anasomewa shtaka la kuua bila kukusudia. Mwambie dada yake kabla hajasikia kwa karani." Akakata.

Dada mtu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini. Sajini aliketi kando yake. Kutoka mahabusu ilisikika sauti ya mtu akikohoa, na dada mtu akainua kichwa kwa sababu alikijua kikohozi kile.

"Ile sauti siyo yake," Sajini alisema.

"Afande, tumenyonya ziwa moja mimi na yule."

"Ni ya mzee aliyemfunza kazi. Yuko yadi ya makontena. Mashine ya Antena iliichukua kutoka nje ya dirisha lake, ikaiweka kwenye chaneli ya kaka yako. Nimeiona ikifanya hivyo leo, kwa macho yangu."

"Anavyoivuta ile ya mwisho..."

"Mzee naye anaivuta hivyo."

Binti akaliona tundu, akalikimbilia kama mtu anayezama. "Basi kama alifunzwa hivyo, na kaka alisema hivyo hivyo. Si atakuwa alisema?"

"Huenda alisema."

"Huenda?"

"Mdogo wangu, hakuna mahali popote neno lake liliposhikwa. Halikushikwa la kumtoa, halikushikwa la kumfunga. Kesho anasomewa shtaka, na mimi nitasimama kizimbani niseme hii rekodi si yake."

"Wewe ndiye utakayesema."

"Mimi."

Binti alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea bei ya kitu asichoweza kukinunua. Polisi wa zamu alipita na funguo. Mtu aliyekuwa akikohoa akanyamaza.

"Huyo mzee," dada mtu aliuliza, "alikuwa anamsimamisha nani?"

"Mtu wake wa juu. Dereva mmoja alikuwa ameinama chini ya mzigo, anaokota simu."

"Mzigo ukasimama?"

Sajini alitazama sakafu.

"Ulisimama," alisema.